Tembo wa Fundi Plasta

Jirani yangu, fundi wa kupiga plasta aliyestaafu, huoka keki Jumamosi asubuhi huku dirisha la jiko likiwa wazi, kwa hiyo mtaa mzima huyafahamu makosa yake. Husawazisha siagi iliyopigwa na sukari kwa ubavu wa kisu, kisha hufumba jicho moja kukagua kama kona zimenyooka. Viganja vyake, vilivyokwaruzwa na saruji, hutandaza shuka la sukari iliyokandwa kwa upole ambao mkewe anadai yeye hajawahi kuuonja. "Hiyo keki au ukuta wa choo?" humuuliza. "Na choo chetu kimewahi kupata ufa, mama watoto?" hujibu bila kugeuka.

Juzi alikuwa amemwahidi mjukuu wake keki ya tembo ya siku ya kuzaliwa, na akamkataza binti yake kununua nyingine dukani. Kabla ya kuivika keki ile sukari, aliirushia maji kwa mkono, kama alivyozoea kulowesha tofali ili plasta ishike. Sukari ikaanza kuteleza. Wageni walipoingia, uso wa tembo ulikuwa ukishuka taratibu. Aliweka kiganja chini ya shavu la tembo, akaliinua, akabaki vivyo hivyo, jasho likimtoka.

"Babu, mbona humwachii?" mjukuu akauliza.

"Ana usingizi. Nikimwachia ataanguka."

Mtoto alimtazama tembo, akamtazama babu yake, kisha akawageukia wageni. "Imbeni polepole," akawaambia. "Amelala."