Siku Bangili Ziliponyamaza

Siku yangu ya kwanza kazini, wodi ya wanawake, hospitali ya Mkomaindo, Masasi, nilifika na sare iliyopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, na kipimajoto kipya mfukoni. Matroni, yaani mkuu wa wauguzi, alikichomoa akakiweka mezani.

"Simama hapo mlangoni," akaniambia. "Usimguse mtu. Niambie nani ana hali mbaya kuliko wote."

Nikamwonyesha mama mmoja aliyekuwa akilia tumbo hadi wenzake wa vitanda vya mbali wakawa wanampa pole. Matroni akatikisa kichwa. Akanipeleka kwa bibi aliyelala kimya karibu na dirisha, akauweka mkono wangu juu ya kifua chake. "Hesabu pumzi. Dakika nzima, si nusu halafu uzidishe mara mbili." Nilivuka arobaini kabla dakika haijaisha.

"Yule bado ana nguvu za kulia," akasema. "Huyu zimemwishia."

Nilimwogopa Matroni na nikampenda kwa pamoja. Ndiye aliyenifundisha kumfinya mtoto anayeharisha ngozi ya tumbo na kuangalia kama inarudi haraka au kwa uvivu, kufunua kope la chini kuona kama damu imepungua, kutazama pua za mtoto mwenye nimonia zinavyotanuka akivuta hewa. Na kila tulipojibu kwa kujiamini, alituuliza swali lilelile: "Na kitu kingine kinachoweza kuleta hali hii ni kipi?" Tulilicheka sana swali hilo tukiwa chumba cha chai. Hakuna aliyemwigiza Matroni vizuri kuliko mimi.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa zahanati moja ya uwanda wa juu wa Newala, ambayo jina lake nitaliacha. Nilifurahi, maana mimi ni mzaliwa wa Mkunya na nilikuwa narudi kwetu. Mganga mfawidhi, msimamizi wa zahanati, alikuwa mtu wa Kagera, mpole, ambaye hakuacha kushangaa wanawake wa huku wanavyoshuka bondeni kuchota maji na kuupanda tena mlima na ndoo kichwani. Mimi nilishangaa nini? Njia hiyo nimeipita tangu nikiwa na kindoo cha mtoto. Nilijua miguu inavyovimba kiangazi na shingo inavyouma chini ya ngata. Ujuaji huo ndio ulioniponza.

Mama Hadija alikuwa na mimba yake ya pili, ya miezi minane. Siku za kliniki tulimsikia kabla hatujamwona, kwa bangili zake sita zilizogongana kila alipotembea. Siku moja aliingia, akaketi, akaniamkia.

"Shikamoo, Mama Selemani."

"Marahaba. Mgeni wetu anaendeleaje?"

"Anacheza vizuri. Ila miguu hii, viatu vimenikataa kabisa. Na kichwa kinanigonga tangu juzi."

Nikacheka. "Jana uliteka ndoo ngapi?"

"Tatu."

"Basi! Hiyo ni miguu ya bondeni na kichwa cha ndoo. Waambie wifi zako wakupokee, nawe ulale umeinua miguu."

Mashine ya presha ilikuwa na mganga, aliyekwenda kijiji cha Makote kwenye kliniki ya mkoba, ile ya kuwafuata wagonjwa kwao. Ningeweza kumwambia mama angoje. Nilisikiliza mapigo ya mtoto, yakawa mazuri, nikampa vidonge vya maumivu na kuandika daftarini: miguu imevimba, kazi ya maji. Alipotoka nilihisi kuna kitu kimepungua chumbani, nisijue ni nini. Nikamwita anayefuata.

Alasiri mganga alirudi, akapitia daftari, kidole chake kikasimama.

"Huyu mikono yake ilikuwaje?"

"Sikuiangalia."

"Na uso?"

Hapo ndipo nilipojua kilichopungua. Bangili hazikulia. Zilikuwa zimebana kwenye mkono uliovimba. Miguu huweza kuvimba kwa kazi, lakini uso na mikono ikivimba, na kichwa kikagonga, mjamzito yuko kwenye hatari ya kifafa cha mimba: presha hupanda hadi anapata degedege, na huweza kuwaua wote wawili.

Tulipanda pikipiki ya mganga hadi kwake. Wifi yake akatuambia, "Ameshuka bondeni. Amesema vidonge vyako vimempa nafuu."

Nilikimbia ule mteremko na viatu mkononi. Nilimkuta ameketi kwenye kona ya njia, ndoo imemwagika. "Mama Selemani," akasema, "naona vimulimuli." Kisha akakakamaa mikononi mwangu. Mganga alimchoma sindano palepale, wanawake wakambeba kwa khanga hadi barabarani, gari likampeleka hospitali. Mama alipona. Mtoto, wa kiume, alizaliwa hapumui.

Tangu siku hiyo kijiji kizima kikaniita nesi aliyekimbia. Mama Hadija mwenyewe ndiye aliyeieneza habari hiyo, harusini na misibani, na kila aliponisifu nilitamani ardhi inimeze. Sikuwahi kusema kwamba asubuhi ile nilimrudisha nyumbani kwa kicheko. Nilichofanya ni kuwauliza wanafunzi wa uuguzi walioletwa kwangu swali la Matroni mpaka wakaanza kuniigiza. Niliwasikia, na sikuwakataza.

Mwaka jana nilistaafu. Baada ya sherehe Mama Hadija alikuja kwangu na kikapu cha mihogo na korosho. Nywele zake sasa ni nyeupe kuliko zangu. Akaanza tena hadithi ya mteremko, mbele ya wajukuu zangu. Nikawatoa watoto nje, nikamwambia yote: kicheko, daftari, mashine ambayo sikumwambia aingoje. Mwisho nikamtaja mtoto.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Lakini najua, Mama Selemani," akasema. "Si nilikuwepo?"

Akainuka, akachukua birika, akanimiminia chai kwenye kikombe changu mwenyewe, na bangili zake zikawa zinagongana. Nilizisikiliza mpaka kikombe kikajaa.