Ngamia Waliozaa Ndani ya Simu

Kwa miaka sita Nakiru alichanja mifugo ya watu akiwa na daftari lililonuka dawa. Daftari liliponyeshewa mara ya pili, rafiki yake Kaberia, mwandishi wa programu kutoka Meru, alimwekea Zizi kwenye simu. Zizi ni programu huria ya kuhifadhi rekodi za chanjo: watu wa kujitolea huiandika pamoja, na yeyote anaruhusiwa kuifungua aone ilivyoundwa na kuirekebisha.

Asubuhi moja huko Gotu, Nakiru alimaliza kuchanja ngamia wanne wa Mama Nakolong, akampa simu abonyeze mwenyewe "Hifadhi". Mama akabonyeza, akangoja. Mtandao ulikuwa hafifu, kioo kikakaa vilevile. Akabonyeza tena, na tena, kwa nguvu kama anayegonga mlango wa jirani kiziwi.

"Ngamia kumi na wawili!" Nakiru akasoma.

"Kumbe wamezaa humo ndani?" Mama Nakolong akacheka hadi akashika mbavu. "Basi watoe niwakamue!"

Nakiru naye alicheka, lakini njiani kurudi nyumbani Kiwanjani kicheko kikamwisha. Rekodi hizo ndizo zilizotumiwa kupanga dawa. Zikidanganya, kuna mifugo itakayokosa. Akampigia Kaberia, akamweleza.

"Dada, majaribio yetu yote yamepita," Kaberia akasema. "Mia mbili na kumi, hakuna hata moja lililofeli."

"Yamepita kwa sababu nyinyi mnabonyeza mara moja. Mnajua itafanya kazi. Mama Nakolong hajui."

"Hebu niandikie kila hatua, vile ilitokea."

Nakiru hakuwa amewahi kuripoti hitilafu ya programu. Akaandika anavyoandika habari za mnyama mgonjwa: ilianza lini, wapi, dalili gani. Aina ya simu. Hali ya mtandao. Kidole kilibonyeza mara ngapi. Kaberia akafuata hatua zilezile, na kwake pia ngamia wakazaa. Alirekebisha kosa kwa siku mbili, kisha akaongeza jaribio linalojiendesha lenyewe, likibonyeza mara kumi kila programu inapobadilishwa.

Wenzake Kaberia waliposoma ripoti ile walimwomba Nakiru asimamie majaribio ya watumiaji. Siku hizi, kabla ya toleo jipya kutoka, huwakusanya wafugaji wanane, akawapa simu, akaketi kimya. Sheria yake ni moja: usiwasaidie. Mara ya kwanza walifichua makosa kumi na tisa, likiwemo la maandishi yasiyosomeka juani. Waandishi wa programu walio mbali walinung'unika kucheleweshwa, halafu wakaahirisha toleo wiki mbili, wakayarekebisha yote.

Toleo la mwezi uliopita lilimaliza wiki nzima bila lalamiko hata moja. Kaberia akampigia simu kumpongeza.

"Asante," Nakiru akasema, akifunga kamba za viatu. "Lakini wafugaji wa kule Kipsing bado hawajalijaribu. Wacha niende."