Risasi za Kuwalisha Wakwe

Juzi nilikuwa kwenye duka la wawindaji hapa Louisville. Nilifuata soksi za baridi, lakini masikio yangu yalifuata mengine. Kwenye kaunta alisimama jirani yangu wa mtaa wa Beechmont na mkewe. Bwana huyo amewaahidi wakwe wa Columbus nyama ya kulungu siku ya posa ya binti yake, na bunduki ameazima kwa mwenzake wa kiwandani.

Akagonga kidole kwenye boksi la risasi zilizovikwa shaba hadi nchani. "Bon, haya, hizi ninazijua."

Muuzaji akatikisa kichwa. "Hizo zinatoboa na kupita tu. Kulungu atakimbia na kidonda, akafie mbali. Tena sheria inazikataza kwa kulungu. Chukua za ncha laini, zinapanuka ndani, anaanguka karibu."

Bwana hakuliachia boksi. "Kwetu, vitani, hizi zilimaliza watu!"

Mkewe akamfungua vidole kimoja kimoja. "Papa, wakwe wanakuja kula. Chukua za nyama."

Akachukua, amenuna. Wanaume wetu, jamani! Kitu wamekikimbia miaka ishirini, wakikikuta dukani wanakichangamkia kama ndugu waliyepotezana naye.