Chansi cha Dada Adela

Kwa nini wampe Adela, wakati mimi ndiye niliyekuwa nakifukiza? Swali hilo sikuweza kulijibu siku ile kule Nyamitaba. Lilinirudia juzi mjini, nilipoona chansi, kile chombo cha mti cha kukamulia maziwa, kwenye dirisha la duka, kimebandikwa karatasi iliyoandikwa "souvenir".

Kila alasiri nilikusanya majani makavu, nikayawasha, nikakiinamisha chansi chetu juu ya moshi mpaka kinukie vizuri. Mikono yangu ilinuka moshi hata kanisani. Kisha wakaja watu kumchukua dada yangu Adela, akaolewe ng'ambo ya kilima, na Mama akamwekea chansi kile mapajani.

"Shika, njo souvenir ya kwetu," alimwambia.

"Na mimi?" niliuliza.

"Weye utabakia na moshi," shangazi alisema, na wote wakacheka.

Adela hakucheka. Alikuwa akilia, nami niliyaona machozi yale kuwa maringo ya mtu aliyeshinda. Nilikataa kumuaga. Nilijificha zizini, nikasikiliza nyimbo zikipotea bondeni, nikiomba chansi kianguke kipasuke.

Siku hizi nadai ushahidi wa kila jambo, hata kwa maprofesa wangu. Siku ile sikudai. Mwaka jana tu ndipo Mama aliponiambia kwamba asubuhi ile Adela alimpigia magoti, akamwomba: "Chansi mupatie mudogo yangu, Mama. Mimi muniache hapa."