Achieng' Alipomhoji Mama

Harufu ya omena, dagaa wa ziwani, waliokaangwa kwa nyanya na vitunguu ilijaa chumba chetu cha mtaa wa Kondele kila jioni, na ndipo Mama alipoketi wima kitini, mikono magotini, akisubiri maswali. Alikuwa ameuza samaki sokoni miaka mingi, na sasa alikuwa ameitwa kuhojiwa kwa kazi ya kulea wasichana katika bweni la shule moja. Aliyemfanyisha mazoezi hakuwa mimi, binti yake wa pekee mwenye miaka kumi. Alikuwa Achieng', mtoto wa dada yake, aliyetoka Asembo Bay kuja kusoma kwetu. Alinizidi mwaka mmoja, na maneno yalimtoka safi, moja moja. Mimi nilimung'unya. Nilichambua mboga pembeni nikimsikia Mama akicheka na kumwita Achieng' mwalimu, nikatamani kuitwa mimi hivyo.

Ulimi hauna mfupa. Siku mbili kabla ya mahojiano, nilimwambia Mama kwamba Achieng' amewasimulia wasichana bombani kuwa Mama huongea kama mtu anayeomba msamaha. Nilikuwa nimeyatunga yote. Jioni ile Mama hakukalia kiti chake. Tulipomaliza kula, akamwuliza Achieng' kwa upole kama ni kweli. Achieng' alinitazama mimi, akaelewa. Nilingoja aniumbue.

"Ndiyo, Mama, nilisema," akajibu. "Sokoni hakuna mtu anakushinda kuongea. Lakini hapa unainamisha kichwa."

Mama akavuta kiti. "Haya, niulize tena." Safari hii sauti yake ilifika kwa jirani.

Kazi aliipata, na kila mgeni aliyekuja kumpongeza alisimuliwa maneno ya Achieng'. Nilipaswa kushukuru kwamba alinisitiri. Badala yake nilimwonea wivu zaidi, kwa kuwa hata uongo wangu ulimletea sifa.

Mama sasa amestaafu. Mwezi uliopita, nikiwa mtu mzima mwenye watoto wawili, hatimaye nilikiri kosa langu kwake. Akaniambia alijua tangu siku ile, maana Achieng' hakuwa mtoto wa kusengenya.

"Mbona hukunichapa?"

"Ningekuchapa kwa nini, na ulisema ukweli? Niliongea hivyo hasa, na wewe ndiye uliyegundua kwanza."

Utotoni ningelipa chochote nisikie sifa hiyo. Nimeipata sasa, nikaona aibu kwamba wivu ulikuwa bado hai: jambo la kwanza nililotamani ni Achieng' awe hapo, aisikie.