Maji Tuliyokuwa Tukimwaga: Miaka Yangu ya Albuminoidi

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya kiwanda cha chakula cha mifugo, Thika, nilipewa koti jeupe lililonifika magotini na onyo moja: nisikimbie nikibeba asidi. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, na Mkikuyu kama mimi hakuruhusiwa kukaa mjini bila mwajiri. Kazi ikiisha, mimi, mke wangu na mtoto wetu tungepakiwa kwenye lori na kurudishwa rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu. Kwa hiyo sikukimbia hata siku moja.

Aliyenifundisha kazi ni Msaidizi Mkuu, Bwana Barasa, mtu wa Bungoma, mcheshi kupita kiasi. "Wewe Kamau," alinitania, "unashika hiyo chupa kama mtu amebebea mama mkwe mayai!"

Mkemia Mkuu alikuwa Mzungu mzee, na maneno yake yalikuwa yamezeeka pamoja naye. Nyinyi mnasema protini; yeye alisema proteidi, albumosi, na hasa albuminoidi. Vitabu vingine viliita hivyo protini ya kwato na nywele, lakini kwetu albuminoidi ilikuwa protini halisi iliyomo ndani ya nyasi au mashudu. Ili kuipata, ulichemsha unga wa nyasi, ukatia dawa ya shaba yenye rangi ya samawati, na protini ikaganda na kuzama. Ulichuja, ukamwaga maji, kisha ukayachemsha mashapo kwa asidi kali mpaka weusi wote uishe. Hapo ndipo ulipopima nitrojeni yake na kuizidisha kwa sita na robo ili kupata kiasi cha protini.

Baadaye nilipelekwa Ruiru, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, kupima nyasi za nepia katika chumba kidogo kando ya zizi. Niliipenda kazi ile, nasema kweli. Kila Jumamosi nilipanda baiskeli hadi Thika na kitabu changu cha vipimo.

Kisha mzee akarudi kwao, akaja Mkemia Mkuu mpya, kijana wa Kizungu aliyetoka chuo kikuu juzijuzi. Alipima nepia ya Ruiru yeye mwenyewe, akaniita Thika.

"Kitabu yako nasema protini kidogo, mimi napata mingi," alisema. "Wewe hapana pima. Wewe naandika kutoka kichwa tu. Ijumaa leta koti, kazi kwisha."

Nilijaribu kueleza, akakifunga kitabu. Yeye alijua albuminoidi ni jina la zamani la protini, basi, na chuoni alifundishwa kuchemsha nyasi nzima bila kuchuja na kuhesabu nitrojeni yote kuwa protini. Na kosa langu lilikuwepo: sikuwahi kuandika kitabuni kwamba tunachuja. Sote tulijua, sasa nani angejisumbua kuandika?

Barasa alinivuta kando. "Nyamaza wewe. Hii maneno haiishi kwa mdomo. Tupike mbele yake aone." Akamgeukia mkubwa. "Bwana, pima hata yale maji sisi humwaga. Kama nitrojeni haiko ndani, chukua koti ya Kamau pamoja na yangu."

Mkemia akakubali.

Tuligawa nepia moja mafungu mawili. Fungu la kwanza tulilichemsha zima, kwa njia yake. La pili tulilichuja kwa njia yetu, lakini safari hii maji hatukuyamwaga. Mkemia mwenyewe alishika bomba la kupimia, akadondosha tone kwa tone akingoja rangi igeuke. Mashapo yalitoa kiasi kilekile nilichoandika kitabuni. Yakafuata maji. Nilikuwa nikiomba kimoyomoyo. Alipojumlisha mashapo na maji, akapata karibu sawasawa na nyasi nzima. Nitrojeni iliyokosekana kitabuni mwangu ilikuwa katika yale maji, kwa kuwa nyasi changa huwa na nitrojeni nyingi ambayo haijawa protini bado.

Alivua miwani. "Mimi nakosa, Kamau," alisema. Mzungu kusema hivyo mbele ya Waafrika wawili, siku zile! Kesho yake alichora safu mbili kitabuni kwa mkono wake, protini ghafi ya nyasi nzima na protini halisi ya mashapo, na akatia sahihi kwenye pasibuku yangu, kile kitabu cha kibali kilichoniruhusu kukaa mjini.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, na sasa nimestaafu, niko Gitothua, hapo Ruiru. Vijana wa vyuo wakinitembelea hucheka wakisikia albuminoidi. Nami huwaambia: chekeni tu, wajukuu wangu, lakini kando ya kila kipimo andikeni mlivyokipata. Maneno yenu nayo yatachekwa.

Barasa alistaafu kabla yangu. Siku ya kumuaga nilimuuliza alijuaje kwamba yale maji yatatuokoa.

"Nijulie wapi?" alicheka. "Hayo maji sikuwa nimewahi kupima maisha yangu yote. Nilijua tu wewe huwezi andika kitu hujapima."

Siku ile ya kipimo, alipoliweka koti lake rehani pamoja na langu, alikuwa na watoto watano.