Nilivyobeba Amplifaya za Chuma Mpaka Zikaja Nyepesi

Siku yangu ya kwanza kazini sikuulizwa kama najua umeme. Niliambiwa ninyanyue. Mwenye Vyombo, ndivyo tulivyomwita tajiri wetu pale Malindi aliyekuwa akikodisha spika na maikrofoni za sherehe, aliinyooshea kidole amplifaya, mashine ya kukuzia sauti, iliyokaa sakafuni mwa karakana. "Ukiweza kuiweka juu ya meza, kazi ni yako," akasema. "Ukishindwa, rudi kwenu ukakaange mahamri." Niliinyanyua. Nilikuwa binti mwenye nguvu na kiburi, na sikutaka mtu anione nikihema.

Nyinyi vijana mnaopenda kazi ya mitambo huja kuniuliza zamani ilikuwaje. Nawajibu nikiwa nimeegemea mto, maana kukaa wima kwa muda mrefu siwezi tena. Ilikuwa nzito. Mengine yote ni maelezo.

Mwenye Vyombo alitaka mwanamke kwa sababu ya arusi. Siku ya kupamba, bibi arusi anapotolewa mbele ya wanawake wenzake, mwanamume haingii ukumbini. Wanawake wamevua mabuibui, wamejifukiza udi, wanacheza watakavyo. Mafundi wanaume walikuwa wakifunga vyombo mapema, kisha wanakaa nje ya ukuta wakibahatisha sauti kwa masikio. Fyuzi ikikatika katikati ya ngoma ya chakacha, sherehe husimama mpaka wanawake wote wajitande ndipo fundi aingie. Nani alipenda hivyo? Ndipo nikatafutwa mimi.

Aliyenifunza ni Fundi Mkuu, mzee mkali wa Muyeye asiyependa maneno mengi. Alinifungulia amplifaya, akanionyesha.

"Donge hili la chuma ni transfoma. Lashusha umeme wa ukutani uwe wa kadiri ya mashine. Mbavu hizi za alumini ni za kutoa joto. Joto likikosa njia, transista zafa, na transista ndizo zinazoikuza sauti. Ukinusa kuungua, zima. Usimuulize mtu, zima!"

Nilishika haraka. Amplifaya ya chuma huvuma kidogo hata muziki ukiwa kimya, na kwa mvumo ule niliweza kujua ipi mgonjwa na ipi nzima. Kazi ile niliipenda kuliko mume niliyeozwa, na mwenyewe alijua.

Mwenzangu wa kubeba alikuwa Karisa, Mgiriama wa Sabaki, mtu wa rika langu na mwenye mzaha mwingi. Tulishika huku na huku, yeye akitukana transfoma njia nzima. Tulipofika kwenye mlango wa wanawake, yeye alibaki nje, nami nikaendelea peke yangu. Ndiyo ilivyokuwa desturi yetu ya kazi, na sikuona ubaya wake mpaka alasiri moja pale Muyeye.

Siku hiyo amplifaya ilikufa ngoma zikiwa zimepamba moto. Karisa akaileta ya akiba mpaka mlangoni, penye pazia, nami nikapitisha mikono kuipokea. Alipoiachia, mguu wangu ukateleza kwenye sakafu iliyomwagikiwa marashi.

"Dada, niingie nishike?" Karisa akapiga kelele.

"Mwanamume huyo! Mwanamume!" wakajibu wanawake ndani, kila mmoja akikimbilia buibui lake.

Karisa akasimama palepale. Ilikuwa hatua moja tu. Ningeweza kuiacha mashine ianguke, lakini niliwaza kwamba ikivunjika na kazi yangu imekwisha, Mwenye Vyombo atasema mwanamke hawezi, na mwengine hataajiriwa tena. Nikaikumbatia. Kitu kikalia kiunoni mwangu. Nikaiweka chini taratibu, nikafunga nyaya zake, muziki ukarudi na wanawake wakarudi kucheza. Bibi mmoja akanifuta machozi kwa leso yake, akidhani nalia kwa furaha ya arusi.

Simlaumu Karisa, na wanawake wale siwalaumu, maana angeingia ingekuwa aibu ya watu wote. Lakini nikiikumbuka hatua ile, hasira hunishika hadi leo.

Nilificha maumivu. Nilijifunga leso kiunoni ndani ya nguo nikaendelea kubeba, kwa kuwa aliyekuwa habebi hakuwa na kazi. Baadaye Mwenye Vyombo akaniazima kwa hoteli moja ya Watamu, msimu wa wageni. Huko mkubwa wangu alikuwa Msimamizi wa Burudani, mtu wa adabu na mashati ya maua. Asubuhi moja akanionyesha amplifaya mpya, nyembamba kama sinia.

"Hebu nyanyua, Bi Zuhura."

Nikajikaza, nikakusanya pumzi kama nilivyozoea. Mashine ikaruka juu, karibu inivunje kidevu.

"Haina kitu ndani?" nikauliza.

"Imejaa. Na ina nguvu kushinda hiyo yenu ya chuma."

Alinieleza, nami nawaeleza nyinyi. Amplifaya za zamani zilikuwa kama mfereji wa bomba ulioachwa nusu wazi kutwa. Maji unayoyatumia ni kidogo, mengi yanapotea, na kwenye mashine upotevu huo ndio joto. Hizi mpya, transista zake hufunguka kabisa na kufungika kabisa, kwa kasi ambayo sikio halitambui. Umeme haupotei sana, kwa hiyo mbavu kubwa za alumini hazihitajiki. Na umeme wa ukutani nao hukatwakatwa kwa kasi kabla ya kushushwa, ndiyo maana transfoma yake yatosha kiganjani. Nilimshukuru, nikaingia stoo, nikalia. Kwa nini haikuja kabla ya ile siku ya Muyeye?

Niliporudi Malindi nilimwandama Mwenye Vyombo azinunue. Nilimsihi, nikamchosha, nikamwambia ataokoa mafuta ya jenereta. Mwishowe akanunua. Nilidhani nimepata, kumbe nimepatikana. Hazijamaliza hata msimu mmoja, akaniita karakanani.

"Bi Zuhura, mgongo wako naujua kitambo. Nilinyamaza kwa kuwa sikuwa na mwengine wa kuingia ndani. Sasa mashine ni nyepesi, binti yeyote aweza kubeba. Nenda kapumzike, mama."

"Sijachoka."

"Najua. Mimi ndiye niliyechoka kukutazama."

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Karisa naye hakuwa na cha kubeba tena, akarudi Sabaki kulima, na jembe lenyewe humshinda, maana mgongo wake nao umechakaa. Nilijaribu kurudi kwa mlango wa ufundi. Watu walipoanza kuniletea zile nyepesi zilizokufa, nikampelekea moja Fundi Mkuu, wakati huo mzee sana. Chumvi ya hewa yetu ya pwani ilikuwa imekula miguu ya vipande vidogo kama ufuta. Alivitazama, akarudisha kifuniko. "Hii haikutengenezwa ifunguliwe," akasema. Sikumsikia akizungumza kazi tena mpaka alipofariki.

Watu hunipa pole, wakasema ndiyo maendeleo. Sibishi. Uzito ule haukuwa na heri yoyote, na sitaki binti yeyote aubebe. Ila nimetafuta katika maisha yangu yote ya kazi kitu cha kumwachia mtu, na sijakiona. Mvumo niliojifunza kuusikiliza haupo tena katika mashine yoyote.

Mwaka huu nilialikwa kwenye kupamba kwa mpwa wangu. Binti mmoja aliingia na spika ambayo amplifaya yake imo humo humo ndani, ameining'iniza mkono mmoja, mkono wa pili una simu. Sauti ilipoanza kupasuka nikajiinua kwenda kuipunguza.

"Keti, mamkubwa," akaniambia. "Ikizidiwa hujipunguza yenyewe, isiungue."

Kweli, ikajipunguza. Nikakaa. Sherehe ilipokwisha nikamwomba niishike. Nilipapasa nyuma ya spika kwa vidole nikitafuta parafujo ya kuifungulia, sikupata hata moja.

"Na ikiharibika, mwanangu, hutengenezwa na nani?"

Aliichukua mikononi mwangu kwa upole, akaiweka begani.

"Haitengenezwi, mamkubwa. Hutupwa."